Masega ya gari yamekufa? Tafuta kilichoyaua kabla ya kununua mengine

Taa ya injini inawaka, fundi anachomeka mashine, inatoka kodi (namba ya hitilafu) P0420, na mwenye gari anaambiwa masega yamekufa. Kutoka hapo anachagua moja kati ya mawili: anunue mengine au yatobolewe, yaani ya ndani yatolewe libaki kopo tupu. Aliyenunua anarudi baada ya miezi michache na P0420 ileile. Aliyetoboa anarudi na gari linalonuka petroli, na taa bado inawaka.

Wote wawili wameruka jambo lilelile. Masega, yaani katalitiki konveta, hayana kitu kinachozunguka wala kinachosuguana ndani yake. Kwenye injini nzima yanaweza kupita kilomita 150,000 bila shida. Yakifa mapema, mara nyingi yameuawa na kitu kilicho mbele yake: plagi, koili, nozeli, thamostati, ringi za pistoni au gasketi ya silinda hedi. Ukifunga masega mapya na muuaji bado yumo, unampelekea chakula kingine.

Mwongozo huu ni wa gari za petroli za EFI (zinazopuliziwa mafuta na nozeli zinazoongozwa na kompyuta), hasa hizi za Japani zilizojaa Tanzania na Kenya. Dizeli ina mambo yake, haimo humu.

Namba chache za kushika kabla ya kuanza. Ndani ya kopo kuna tofali la kauri lenye matundu madogo mengi, lililopakwa tabaka jembamba lenye platinamu, paladiamu na rodiamu. Tabaka hilo huanza kazi likifika takriban nyuzi 300 za Selsiasi, na joto lake la kawaida ni kati ya 400 na 800. Likipita nyuzi 1,000 linaanza kufa, na likikaribia 1,400 kauri yenyewe inaanza kuyeyuka. Petroli ambayo haikuungua kwenye silinda huja kuungua humu ndani, na hiyo peke yake inatosha kulifikisha huko.

## Vifaa vya kuandaa

- Mashine ya kusoma kodi inayoonyesha data gari likiwa linawaka. ELM327, kile kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye gari, pamoja na programu ya simu inatosha kwa gari nyingi. Gari za soko la ndani la Japani za kabla ya 2008 mara nyingi hazisomeki nayo. Hizo zinahitaji mashine ya gereji.
- Spana ya plagi (milimita 16 kwa gari nyingi, 14 kwa baadhi ya mpya) na geji ya kupimia nafasi ya plagi.
- Spana ya milimita 22 ya sensa ya oksijeni, na mafuta ya kulainisha nati zilizoshika kutu.
- Geji ya presha ya ekzosi au geji ya vakyumu. Moja inatosha.
- Geji ya kompresheni.
- Kipima joto cha mwanga, kile unachoelekeza bila kugusa.
- Nyundo ya mpira, tochi, na chupa ya kupulizia yenye maji ya sabuni.
- Jeki, stendi mbili za jeki, na vizuizi vya magurudumu.
- Glovu nene, miwani na barakoa.
- Daftari. Utaandika namba nyingi, na kichwa hakitazibeba zote.

Onyo. Fanyia kazi nje au mahali penye hewa; moshi wa gari lenye masega mabovu una kaboni monoksidi nyingi, na haina harufu. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki pekee. Acha ekzosi ipoe angalau saa moja kabla ya kuishika. Na masega yakiwa yamevunjika, usipulize wala kupangusa vumbi lake bila barakoa: ni vumbi la kauri, linaumiza mapafu.

## Hatua ya 1: Tenganisha kuziba, kufa na kuvunjika

Watu husema "masega mabovu" kana kwamba ni ugonjwa mmoja. Ni matatu, na kila moja lina kipimo chake.

Yameziba. Gari linawaka vizuri na kuunguruma vizuri, lakini ukikanyaga mafuta halipandi. Mlimani linachoka. Mizunguko ya injini inagoma kwenye 3,000 hivi kwa dakika. Likiziba sana, injini huwaka dakika chache kisha huzima yenyewe, ikipoa huwaka tena. Sakafu upande wa abiria inachoma miguu.

Yamekufa. Matundu yako wazi ila tabaka halifanyi kazi. Gari linakwenda kama kawaida. Dalili pekee ni P0420, au P0430 kwa upande wa pili wa injini ya V6.

Yamevunjika. Kuna mlio wa kokoto ndani ya kopo la bati, hasa ukiwasha asubuhi au ukipita barabara ya vumbi.

Harufu ya yai bovu haitoshi kuhukumu. Ni salfa ya kwenye mafuta, na mara nyingi inasema injini inapewa petroli kupita kiasi. Iandike, itakusaidia kwenye hatua ya 6.

Umefaulu ukiweza kusema kwa sentensi moja gari lako liko kundi gani. Linaweza kuwa katika makundi mawili kwa pamoja.

## Hatua ya 2: Soma kodi zote, na usifute

Kosa linaloharibu upelelezi wote ni kufuta kodi "tuone kama itarudi". Ukifuta, unafuta pia picha ya hali ya injini wakati tatizo lilipotokea (joto, mwendo, mzigo) pamoja na masahihisho ya mafuta ambayo kompyuta ilijifunza kwa wiki nyingi. Huo ndio ushahidi wako.

Andika kodi zote, hata zile ambazo bado hazijawasha taa. Kisha ziangalie zikiwa pamoja:

- P0420 na P0300 hadi P0304: injini inamisi, yaani kuna silinda isiyochoma. Anza na misi, masega yatasubiri.
- P0420 na P0172: mchanganyiko una mafuta mengi.
- P0420 na P0171: hewa imezidi, au kuna uvujaji.
- P0420 na P0128: injini haipati joto. Thamostati imekwama wazi au imetolewa.
- P0420 na P0136 au P0141: shughulikia kwanza sensa ya nyuma na waya zake.
- P0420 peke yake: nenda hatua ya 3 na ya 4 bila haraka.

P0420 haisemi "badilisha masega". Inasema kompyuta imelinganisha sensa mbili na haikuridhika na zilichosema. Kati ya sensa hizo kuna bomba, gasketi, waya na masega yenyewe.

## Hatua ya 3: Funga kila tundu la ekzosi

Hatua hii inachukua dakika ishirini na ndiyo mafundi wengi huiruka.

Moshi hautoki kwa mkondo mmoja, hutoka kwa mapigo. Kati ya pigo na pigo, tundu dogo kwenye bomba hunyonya hewa ya nje. Sensa inaona oksijeni ambayo haikutoka kwenye silinda, inaiambia kompyuta kwamba mafuta ni machache, na kompyuta inaongeza petroli. Tundu lenye upana wa kichwa cha msumari linaweza kukupa P0420 ya uongo, na likiachwa muda mrefu linaweza kuunguza masega yaliyokuwa mazima.

1. Injini ikiwa baridi kabisa, washa.
2. Mwenzako azibe mdomo wa bomba la nyuma kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache, akiwa amevaa glovu.
3. Pulizia maji ya sabuni kwenye gasketi ya manifoldi, maungio yote, bomba linalonyumbulika, na pale sensa zinapoingia.
4. Tazama mapovu, sikiliza mlio wa "tsss".

Angalia pia alama nyeusi za masizi pembeni ya maungio. Ni njia ya moshi. Manifoldi iliyopasuka hulia "tak-tak" injini ikiwa baridi na hunyamaza ikipata joto, kwa sababu chuma kimetanuka na kuziba ufa. Ukichelewa kuisikiliza hutaipata.

Umefaulu ikiwa hakuna povu lolote kuanzia manifoldi hadi sensa ya nyuma, na kitambaa kinasukumwa kwa nguvu mkononi mwa mwenzako.

## Hatua ya 4: Soma sensa mbili gari likiwa na joto

Endesha gari hadi joto la injini lifike nyuzi 80 hadi 95. Simama, shikilia mizunguko 2,500 kwa dakika mbili au tatu ili masega nayo yapate joto. Ndipo utazame data.

Sensa ya mbele ya aina ya zamani hupanda na kushuka haraka kati ya volti 0.1 na 0.9. Sensa ya nyuma, masega yakiwa mazima, hutulia karibu na volti 0.6 hadi 0.7, mstari wake ukiwa umenyooka. Ikiwa ya nyuma inarukaruka kwa kasi ileile ya ya mbele, masega hayahifadhi tena oksijeni. Hapo yamekufa kweli.

Tahadhari moja kwa Toyota. Nyingi za kuanzia miaka ya 2000 zina sensa ya uwiano wa hewa na mafuta upande wa mbele. Hiyo haitarukaruka hata ikiwa nzima. Inakaa karibu na volti 3.3, na programu za kawaida za simu huionyesha kama 0.66. Watu wameng'oa sensa nzima wakidhani imekwama. Kwenye gari za namna hiyo, hukumu kwa sensa ya nyuma peke yake.

Kisha ijaribu sensa ya nyuma yenyewe. Kanyaga mafuta ghafla: ipande. Achia ghafla: ishuke karibu na sifuri. Kama haitikisiki kabisa, tatizo linaweza kuwa sensa au waya wake, na bei yake haikaribii ya masega.

## Hatua ya 5: Pima kama yameziba

Ruka hatua hii kama gari lako halina dalili za kuziba.

Kwa geji ya presha. Injini ikiwa na uvuguvugu, fungua sensa ya mbele (ikiwa baridi kabisa huganda, ikiwa moto kabisa utaungua) na ufunge geji kwenye tundu lake. Washa. Gari likiwa sailensa (linaunguruma bila kukanyaga mafuta) presha isizidi psi 1.5. Kwa mizunguko 2,500 isizidi psi 3. Ikipita hapo na kuendelea kupanda, njia imeziba.

Kwa geji ya vakyumu. Ichomeke kwenye mpira wa manifoldi ya kuingiza hewa. Usawa wa bahari, Dar es Salaam au Mombasa, injini nzima ikiwa sailensa husoma inchi 17 hadi 21. Namba hiyo hupungua takriban inchi moja kwa kila mita 300 za mwinuko, kwa hiyo Nairobi, Arusha au Mbeya usishtuke ukisoma 13 au 15. Kinachotafutwa ni mwenendo: shikilia mizunguko 2,500 kwa dakika moja. Sindano ikishuka taratibu na kuendelea kushuka, moshi unashindwa kutoka.

Kwa kipima joto. Pima bomba la kuingia na la kutoka baada ya dakika kumi za kuendesha. La kutoka likiwa baridi kwa zaidi ya nyuzi 50 kuliko la kuingia, shuku kuziba. Likiwa na joto kupita la kuingia kwa nyuzi mia moja na zaidi, petroli inaungua ndani ya masega. Kipimo hiki kisikupe hukumu peke yake. Gari za kisasa zenye mchanganyiko mzuri huonyesha tofauti ndogo hata masega yakiwa mazima.

Kwa nyundo ya mpira. Ekzosi ikiwa baridi, gonga kopo polepole. Sauti nzito ni nzuri. Ukisikia kokoto, tofali limepasuka.

Vipande vilivyopasuka husafiri. Unaweza kufunga masega mapya na gari likabaki zito kwa sababu mabaki yameziba bomba la nyuma. Toa bomba, litikise, limulike kwa tochi.

## Hatua ya 6: Mtafute muuaji

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Kama umeweza kuyafungua masega, mulika uso wa mbele kwanza, kwa sababu unaonyesha pa kuanzia:

- Umeyeyuka na matundu yameungana: misi au mafuta mengi.
- Masizi meusi makavu: mafuta mengi, au safari fupifupi.
- Majivu ya kahawia au meupe yaliyoganda: oili au kulanti (maji ya rejeta).
- Vumbi jekundu au la rangi ya chungwa: dawa za kwenye mafuta zenye manganizi au chuma.
- Umepasuka bila kuyeyuka: kipigo au maji.

### Misi

Huyu ndiye muuaji mkubwa na wa haraka kuliko wote. Silinda moja isiyochoma humwaga petroli yake yote, pamoja na hewa ya kuichomea, moja kwa moja kwenye kauri ya moto. Taa ya injini ikipepesa badala ya kuwaka tu, maana yake masega yanaungua wakati huohuo. Punguza mwendo, egesha, usivumilie hadi nyumbani. Na usiegeshe juu ya majani makavu.

1. Toa plagi zote, zipange kwa mpangilio wa silinda. Nafasi nyingi ni milimita 1.0 hadi 1.1. Plagi za iridiamu usizipanue kwa bisibisi, ncha yake hukatika. Iliyopitwa na muda ibadilishe. Plagi bandia ni nyingi madukani: angalia kama herufi zimechapwa sawasawa na ncha ya iridiamu ni nyembamba kweli.
2. Hamisha koili. Kama kodi ni P0301, peleka koili ya silinda ya kwanza kwenye ya tatu. Kodi ikigeuka P0303, koili ndiyo mbovu.
3. Isipohama, hamisha plagi, kisha nozeli, kwa mtindo uleule.
4. Bado? Pima kompresheni. Injini nyingi ndogo za Kijapani zikiwa nzima husoma bar 11 hadi 15, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi bar 1.

Kuna tabia ya gereji inayoua masega kimyakimya: kung'oa koili moja moja injini ikiwaka ili kujua silinda ipi haifanyi kazi. Kila ukifanya hivyo petroli mbichi inaenda kwenye ekzosi. Chomoa soketi ya nozeli badala yake. Silinda itakufa vilevile na utapata jibu lilelile, bila kumwaga hata tone.

Gari lililokufa betri nalo libusti kwa waya kuliko kulisukuma likiwa limejaa petroli isiyoungua. Na tangi lisikae mshale chini kila siku. Pampu ikinyonya hewa kwenye kona au mlimani injini inamisi.

### Mafuta mengi kupita kiasi

Tazama masahihisho ya mafuta ya muda mrefu, LTFT kwenye mashine. Kati ya -10 na +10 ni salama. Ikiwa -15 au -20, kompyuta inahangaika kupunguza petroli inayozidi. Kagua kwa mpangilio huu, kwa kuwa unaanza na rahisi:

Thamostati. Fundi aliyeitoa ili gari "lisichemshe" amekuachia deni. Bila thamostati injini inachelewa kupata joto, au ikiwa kwenye mwendo haipati kabisa. Kompyuta inadhani bado ni asubuhi ya baridi na inaendelea kuongeza mafuta, safari nzima. Tazama joto kwenye data ukiwa kilomita 80 kwa saa: likikaa nyuzi 60 au 65, thamostati haipo au imekwama. Kwenye Toyota nyingi huanza kufunguka nyuzi 80 hadi 84. Irudishe. Kama gari linachemka nayo ikiwa nzima, tatizo liko kwenye rejeta, feni au pampu ya maji, na huko ndiko pa kutengeneza.

Sensa ya joto la maji. Asubuhi kabla ya kuwasha, namba yake ilingane na joto la hewa. Ikisoma nyuzi 5 Dar es Salaam, inadanganya.

Sensa ya hewa ya MAF. Isafishe kwa dawa yake maalumu. Usiiguse kwa kidole wala pamba.

Nozeli inayovuja. Chomoa kijiti cha oili ukinuse. Kikinuka petroli kwa ukali, au kiwango cha oili kimepanda bila kuongezwa, kuna nozeli haifungi. Badilisha oili pia, maana imeshapoteza unene.

LTFT ikiwa juu ya +10, tafuta mpira wa vakyumu uliopasuka, pampu dhaifu au chujio la mafuta. Mchanganyiko mwepesi huzaa misi, na misi unajua inakokupeleka.

### Oili

Oili ina fosforasi na zinki za kulinda vyuma. Zikiungua zinabaki kama majivu na kufunika tabaka la madini. Majivu hayo hayaungui tena.

Jaza oili hadi alama ya juu, endesha kilomita 1,000, pima mahali tambarare. Kupungua nusu lita kunatosha kukupa wasiwasi. Moshi wa bluu unaotoka ukikanyaga mafuta baada ya kuteremka mlima ni vali sili. Unaotoka wakati wote ukiongeza kasi ni ringi. Kabla ya kufungua injini, toa vali ya PCV (inayopitisha mvuke wa oili kurudi kwenye injini) na uitikise: ikiwa nzima inacheza ndani. Iliyoganda husababisha ulaji wa oili, na bei yake ni ndogo.

Injini ya petroli iwekee oili yenye alama ya API SN au SP. Oili ya malori ya dizeli yenye CF au CI-4 pekee kwa kawaida ina fosforasi nyingi zaidi. Wanaoiweka kwa sababu ni nzito hupunguza moshi leo na kuongeza majivu kwenye masega.

Kwenye injini ambazo masega yameshikana na manifoldi, mambo huweza kugeuka: tofali likipasuka, vumbi lake hunyonywa kurudi kwenye silinda na kuchubua ringi. Gari ambalo lilianza na mlio wa kokoto kisha likaanza kula oili limepita njia hiyo. Huko usisubiri.

### Kulanti

Maji yanapungua na hakuna tone chini ya gari. Moshi mweupe hauishi hata injini ikipata joto. Mapovu kwenye rejeta. Hiyo ni gasketi ya silinda hedi. Thibitisha kwa kimiminika cha kupimia gesi: ni cha bluu, kikigeuka kijani au njano juu ya mdomo wa rejeta gesi inapita. Usifungue rejeta ya moto.

### Petroli na dawa zake

Misi iliyoanza saa chache baada ya kujaza tangi ina maana yake. Petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa haiungui vizuri, inagonga, inatoa masizi. Tunza risiti, na tangi chafu limwagwe badala ya kulimaliza barabarani. Chupa za kuongeza okteni zenye manganizi au chuma achana nazo. Zile plagi nyekundu kama udongo zinatoka huko.

### Gundi, kipigo, maji

Gundi ya silikoni ya kawaida kwenye kava ya vali au sampu hutoa mvuke unaofunika sensa na masega kwa utando mweupe. Nunua iliyoandikwa kuwa haidhuru sensa. Bomba lenye kovu la tuta au jiwe, likagulie hapo kovu lilipo. Na gari lililotoka safari ndefu lisiingizwe kwenye maji ya mafuriko yanayofika tumboni: kauri ya moto ikipoa ghafla hupasuka.

## Hatua ya 7: Tengeneza, kisha lipe gari nafasi

Baada ya kurekebisha ulichokipata, sasa futa kodi. Endesha tangi moja au mawili kabla ya kununua masega. Masega yaliyofunikwa na masizi tu huweza kupona: tafuta barabara kuu, shikilia mizunguko 2,500 hadi 3,000 kwa dakika 20 au 30. Yaliyoyeyuka, kupasuka au kujaa majivu ya oili hayaponi kwa lolote. Kuyaloweka kwenye asidi au magadi makali kunaweza kung'oa lile tabaka lenyewe.

Uko tayari kununua ikiwa hakuna misi hata moja, LTFT iko ndani ya 10, joto liko sawa, oili haipungui, na sensa ya nyuma bado inarukaruka.

Kutoboa si tiba. Kompyuta bado inalinganisha sensa mbili na bado haitaridhika. Kile kipande cha kusogezea sensa ya nyuma ili taa izime kinaficha onyo, na muuaji anaendelea na injini. Ukiona fundi ana hamu sana ya kukutobolea bure, omba upewe mabaki: madini yake yana thamani, ni mali yako.

## Hatua ya 8: Funga mapya

- Ya mtumba: mulika upande mmoja, tazama mwingine. Mwanga upite kwenye matundu yote sawasawa. Tikisa, kimya. Namba ya injini ilingane.
- Mapya ya bei ya kutupa huwa na madini kidogo sana na P0420 inaweza kurudi bila kosa lako. Dai dhamana ya maandishi.
- Mshale uelekee nyuma ya gari.
- Gasketi ziwe mpya. Hakuna gundi.
- Kama kuna kulehemu, toa sensa zote na uchomoe betri kwanza.
- Sensa ikazwe karibu Nm 44. Grisi ya kuzuia kutu ipakwe kwenye uzi tu, isiguse ncha.

Washa, acha sailensa hadi injini ipate joto, kisha mizunguko 2,500 kwa dakika mbili, zima, acha ipoe. Moshi kidogo wenye harufu ya kuungua mwanzoni ni kitambaa kilichozunguka tofali kinakaa mahali pake.

## Hatua ya 9: Thibitisha

Rudia kipimo cha uvujaji cha hatua ya 3 kwenye maungio mapya. Kisha ianze safari ya kuhakiki: washa gari likiwa baridi, tembea mjini dakika kumi, halafu shikilia kilomita 60 hadi 80 kwa saa bila kubadilibadilisha kwa dakika kumi na tano. Kwenye mashine, kipengele cha kataliti kisome kuwa kimekamilika. Kikiwa hakijakamilika, taa kutokuwaka hakujathibitisha chochote. Rudia safari siku ya pili.

Unachotaka kuona: sensa ya nyuma imetulia kwenye 0.6 hadi 0.7, hakuna kodi hata ya kusubiri, presha chini ya psi 3 kwa mizunguko 2,500. Andika namba hizo na kilomita za gari siku hiyo. Baada ya kilomita 1,000 zisome tena pamoja na kiwango cha oili. Sensa ya nyuma ikianza kucheza mapema hivyo, rudi hatua ya 6 siku hiyohiyo, taa isiwe ndiyo unayoisubiri.